Kesie wa Askari na Kaye Iliyopotea

(Maongezi yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Uvira. Yanachapwa hapa kwa ombi la komite.)



Komite iliniomba niongee nusu saa juu ya utunzaji wa makuta ya chama. Nilianza kuandika maongezi kama yale tunayotoa kila siku kwenye semina, yenye picha za sanduku na funguo tatu. Nikafika ukurasa wa pili, mimi mwenyewe nikaanza kusinzia. Nikaacha. Na kusema kweli kila mtu hapa anajua juu ya nini nimeitwa. Saa nane mtapiga kura: dosie ya kesie wetu wa zamani ipelekwe parke ama isipelekwe. Mzee mwenyewe amekaa pale karibu na dirisha. Baba, nakusalimu. Jana jioni nilikuja kwako kuomba ruhusa niongee ukiwa hapa, ukanijibu: "Sema tu, mwanangu, nimezoea kusemwa nikiwa siko." Asante.

Sikuja kuwaambia kama alikula makuta ama hakukula. Nimekuja kuwaeleza namna hesabu ya mtu aliyeshika makuta ya wengine inavyofungwa, na mambo yanayotokea ikikaa bila kufungwa. Nitachukua mfano wa watu waliolipa askari wakati wa vita, juu hakuna kazi ya kesie ngumu kupita hiyo. Makuta ni mengi, watu wanahama, mvua inanyesha, anayedai ana bunduki, na siku ile hakuna mwenye muda wa kutafuta bic.

Kwanza mjue hesabu ya mlipaji wa jeshi inavyokwenda. Serikali ikimkabidhi franka milioni 10, siku hiyo hiyo inamwandikia deni la milioni 10. Bado hajanunua hata kiberiti, tayari ni mdeni. Akilipa kikosi, analeta orodha yenye majina na vidole vya askari, deni linashuka. Akinunua mchele, analeta risiti, deni linashuka tena. Mwisho wa kazi, kile ambacho hakina karatasi kinabaki deni lake yeye mwenyewe, si la jeshi. Hata sheria yetu ya fedha za serikali ya mwaka 2011 inafuata njia hiyo: mhasibu wa serikali anajibu kwa mali yake. Akimaliza vizuri anapewa ile karatasi ya kumwachilia, ambayo sisi wote tunaiita kitusi, hata kwenye vyama vyetu vidogo.

Sikieni vizuri hapo. Hesabu haiulizi kama uliiba. Inauliza karatasi iko wapi. Njo maana mwizi na mtu ambaye karatasi zake zilienda na maji wanaonekana sura moja kabisa. Ukiwaweka wawili mbele ya mkaguzi, wote wawili wana shimo la ukubwa ule ule.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Marekani, miaka 200 iliyopita. Kulikuwa na gavana wa jimbo la New York anaitwa Daniel Tompkins. Mwaka 1812 Marekani iliingia vitani na Uingereza. Serikali yao wakati ule ilikuwa maskini, msicheke, ndiyo, Marekani ilikuwa haina makuta. Mpaka wa New York na Kanada ulikuwa wazi, askari walihitaji kula, kuvaa, kulipwa solda, na hazina ilikuwa inatoa hati tu, yaani karatasi za ahadi. Bunge la jimbo lenyewe lilikuwa na watu wengi waliopinga vita, hawakutaka kutoa hata senti.

Tompkins akafanya nini? Akaenda kwenye mabenki. Mabenki yakamwambia: hati za serikali hatuzitaki, ila wewe ukiweka jina lako tutakupa. Akaweka jina lake. Mwezi wa 10 mwaka 1814 prezida Madison akamfanya pia kamanda wa eneo lote la kijeshi la New York. Muone mambo yalivyojikusanya kwa mtu mmoja: yeye anakopa, yeye anaamuru matumizi, yeye analipa, na yeye ndiye gavana. Makuta ya taifa, ya jimbo na yale aliyokopa kwa jina lake yakapita kwenye mfuko mmoja. Askari walilipwa, mji wa New York ulilindwa, vita vikaisha mwanzo wa 1815. Watu walimshangilia. Mwaka 1817 akawa makamu wa prezida wa nchi nzima.

(Kabla hajaacha ugavana aliliomba bunge la jimbo liweke siku ya kumaliza utumwa New York, tarehe 4 Julai 1827, na likaweka. Nalitaja hilo msije mkamwona kama mtu wa hivi hivi.)

Halafu ukaja wakati wa hesabu. Mkaguzi wa jimbo, Archibald McIntyre, alifungua vitabu akakuta shimo la dola 120,000. Dola za wakati ule, ndugu zangu, wakati mshahara wa makamu wa prezida ulikuwa 5,000 kwa mwaka. Tompkins alisema makuta yalienda kwa askari. Risiti? Nyingine zilipotea, nyingine hazikuandikwa kamwe. Mnaelewa nyote, hapa kuna watu waliokimbia vita: nani aliandika risiti siku ile?

Mkaguzi naye, kwa kazi yake, hakuwa na njia. Mkaguzi anayefunga shimo kwa maneno matupu si mkaguzi tena. Kosa lilikuwa kwa wale waliokuwa juu yao wote wawili, ambao waliacha miaka ipite bila kusema: kesi ya mtu aliyekopa kwa jina lake wakati wa vita tutaihukumu kwa kipimo gani? Mwaka 1819 bunge la jimbo lilijaribu. Likasema: tumpe faida fulani juu ya ile mikopo aliyoichukua kwa jina lake, deni liishe.

Hapo Tompkins mwenyewe alikosea, na nawaomba mliangalie kosa lake. Badala ya kushukuru na kufunga, alipiga hesabu ya faida kwa namna yake, akasema si mimi ninayedaiwa, ninyi ndio mnadaiwa, nileteeni dola 130,000. Pengine kwa hesabu ya benki alikuwa na haki. Lakini watu waliokuwa wameanza kumhurumia waligeuka. Mwaka 1820 alisimama tena kugombea ugavana, na wapinzani wake hawakuhitaji silaha nyingine: walizungumza hesabu zake tu, asubuhi hadi jioni. Akashindwa na DeWitt Clinton. Baadaye jimbo lilifunga naye sifuri kwa sifuri, hakuna anayemdai mwenzake. Kelele zote zile, mwisho ni sifuri.

Kulibaki serikali kuu. Wakati huo Kongresi ilikuwa imepitisha kanuni kwamba mtu mwenye deni kwenye vitabu vya serikali asilipwe mshahara wa serikali. Kanuni nzuri, mimi ningeipigia kura. Ikamnasa makamu wa prezida. Mshahara wake ukazuiliwa, naye ana wadai mlangoni juu ya mikopo ya vita. Mwaka 1822 akapelekwa mahakamani kama mdeni wa serikali. Alisimama mbele ya wazee wa baraza akaeleza mwenyewe, na wale raia wa kawaida, baada ya kusikia yote, walisema huyu hana deni. Serikali ndiyo inamdai… nisameheni, serikali ndiyo inadaiwa naye, zaidi ya dola 136,000.

Mngefikiri yameisha. Bado. Uamuzi wa baraza lile haukuweza kuilazimisha serikali kulipa. Ilibidi Kongresi ipitishe sheria ya pekee kwa ajili ya mtu mmoja. Ilipitishwa mwanzo wa 1823, nayo ina neno moja ninalolipenda: hesabu zake zifungwe kwa kufuata usawa na haki, si kwa karatasi tu. Yaani maofisa waliruhusiwa kuangalia hasara aliyopata akiuza hati za serikali, riba aliyolipa mfukoni mwake, na kazi aliyoifanya ya kugawa makuta. Mshahara ukafunguliwa, malipo yakaanza kutoka 1823 na 1824, kidogo kidogo.

Lakini mtu alikuwa amekwisha. Miaka hii yote alikuwa amezama kwenye pombe. Waliomwona akiongoza Seneti waliandika kwamba alikuwa anakaa kwenye kiti amelewa. Alitoka kazini mwezi wa 3 mwaka 1825, na tarehe 11 Juni mwaka huo huo akafariki. Alikuwa na miaka 50. Wadai waligawana vilivyobaki. Mwaka 1847, miaka 22 akiwa kaburini, Kongresi ilikuwa bado inapitisha malipo kwa warithi wake.

Nilivyokuwa chuoni, mwalimu wetu wa uhasibu alitupa mfano mwingine, wa Uingereza, nami nausema haraka juu ni kinyume cha huu. Henry Fox alikuwa mlipaji mkuu wa majeshi ya Uingereza kuanzia 1757 hadi 1765. Desturi ya wakati ule iliruhusu mlipaji akae na makuta ya jeshi mkononi mwake, hata baada ya kuacha kazi, mpaka hesabu zake zipitishwe. Na hesabu zilichukua miaka na miaka kupitishwa. Fox hakuwa na haraka hata kidogo! Makuta yalikuwa yanamzalia riba. Mwaka 1769 watu wa jiji la London walimlalamikia kwa mfalme kwamba anakaa na mamilioni yasiyo na hesabu, naye akajibu kwamba havunji sheria. Na kweli hakuvunja. Alikufa 1774, tajiri, hesabu bado hazijafungwa. Ilibidi kufika 1782 na 1783 ndipo mbunge Edmund Burke akapitisha sheria kwamba makuta ya jeshi yakae Benki ya Uingereza kwa jina la ofisi, si kwa jina la mtu.

Wekeni hao wawili kando kwa kando. Yule aliyekaa na makuta ya watu, ucheleweshaji ulimtajirisha. Yule aliyeweka makuta yake mwenyewe, ucheleweshaji ulimuua. Mkisikia mtu anasema "hesabu hizi tuziache kwanza, zitajimaliza", muulizeni anaongea kwa faida ya nani.

Na sisi, Congo? Hapa sihitaji kufundisha mtu, wengine hapa mna watoto katika FARDC. Zamani solda ilikuwa inatoka Kinshasa kama makuta ya mkononi, inapita kwa mkubwa wa mkoa, kwa mkubwa wa brigade, kwa mkubwa wa batayo, na kila mlango unakata kidogo. Na orodha ilikuwa na askari hewa, watu wenye majina na namba lakini hawana mwili. Walikuwa wanakula vizuri kuliko wenye mwili. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya wa EUSEC, uliokuja 2005, ulifanya kazi kubwa ya kutenganisha mlolongo wa amri na mlolongo wa malipo: anayekuamuru asiwe ndiye anayekulipa. Askari walihesabiwa upya, wakachukuliwa alama za vidole, na baadaye malipo yakaanza kupitia benki. Sisemi leo yote ni sawa. Askari aliye mbali na benki bado anatembea siku nzima kufuata solda yake. Lakini wazo lenyewe ni lile lile lililokosekana kwa Tompkins.

Na sisi ndugu zangu, kwenye chama chetu, kesie wetu alikuwa nani? Alikuwa kesie. Alikuwa pia anaandika. Alikuwa pia anakwenda bandarini Kalundu kupokea waliorudi, na kuamua pale pale nani apewe nauli. Mulimpa kazi tatu na kaye moja. Halafu usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka kwenye njia yake, na kaye ikaenda na nyumba.

Nimekaa na komite siku mbili tukatazama yaliyobaki. Nitataja namba juu mnazijua kwa uvumi, na uvumi umeshafika dola 5,000. Makuta yaliyoingia mkononi mwake, michango pamoja na msaada, ni dola 3,400. Matumizi yenye karatasi, yaliyokuwa kwenye dosie ya wafadhili na kwa katibu, ni 2,220. Shimo ni 1,180. Yeye anasema: 410 ni nauli na boti za watu waliorudi, 300 ni masanduku ya maiti, 250 ni hospitali, na 220 ni vyakula vya misiba. Juu ya hayo anasema aliweka dola 200 zake mwenyewe, na chama hakijamrudishia.

Kuna waliosema: "Hakuna karatasi, basi amekula." Nimeshaeleza juu ya nini hilo si jibu. Na kuna waliosema: "Ni mzee wetu, tulikuwa naye Lugufu, tumwachie." Hilo pia si jibu, nalo ni baya zaidi kwake, maana atazeeka na jina la mwizi aliyesamehewa. Hata watoto wake watalibeba.

Kuna hadithi inayosimuliwa juu ya askari weusi waliopigana upande wa Wajerumani, vita vya kwanza, kule ng'ambo ya ziwa letu. Kamanda wao Lettow-Vorbeck alisalimu amri mwezi wa 11 mwaka 1918 kule Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Askari walikuwa wanadai mishahara, wakapewa vyeti tu. Ilichukua hadi 1964 ndipo bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki aliyetumwa Mwanza alikuta wazee 350 hivi, na wachache sana wana cheti. Miaka 46! Mchwa walishakula. Sasa atajuaje nani alikuwa askari? Akachukua fagio, akampa kila mzee mkononi kama bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani: bega, chini, salamu. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Yule mtu hakusema "hakuna karatasi, nendeni", wala hakugawa tu makuta kwa kila mwenye mvi. Alitafuta ushahidi ambao mchwa hawali.

Wiki iliyopita nilimwomba katibu na mama mshauri twende kwa seremala aliye nyuma ya soko, yule ambaye kesie anasema alinunua kwake masanduku. Seremala alicheka tulipomuuliza risiti. Akasema, "Mimi sinaga kitabu, mi naandika ku mulango." Akafunga mlango wa atolie yake tukaona. Upande wa ndani umejaa maandishi ya penseli: jina, urefu, bei. Tulisoma kwa tochi ya simu. Tulikuta majina matano ya watu wa chama hiki. Mmoja ni mtoto, urefu wa sentimita 92. Mama mshauri alimjua, akatoka nje kidogo. Bei zote pamoja ni dola 225.

Kwa hiyo ile 300 ya masanduku si shimo la 300 tena. Ni shimo la 75. Ilituchukua mchana mmoja, na soda tatu.

Njo maana, badala ya kura ya ndiyo ama hapana saa nane, naomba prezida aruhusu kura ya namna nyingine: mumpe kesie na komite siku 40. Siku hizo watu watatu wasio wa ukoo wake na wasio wagomvi wake wakae na kaye mpya. Chenye karatasi kiandikwe. Kisicho na karatasi lakini chenye shahidi anayesema mbele ya mashahidi wengine, mahali gani, siku gani, kiasi gani, kiandikwe pia, na kidole chake. Kisicho na karatasi wala shahidi kibaki deni lake, hata kama ni baba yetu. Deni hilo likijulikana, apewe muda wa kulipa, akimaliza apewe kitusi iliyosomwa hapa kwa sauti na kusinyiwa. Na kama baada ya siku 40 kumeonekana kwamba alisema uongo, kwa mfano shahidi aliyetajwa anakana, basi hapo parke iko na kazi yake, na mimi nitawasindikiza.

Baba kesie, na wewe nina neno kwako. Zile dola 200 zako, ukileta shahidi wa mahali ulipozikopa, chama kizipunguze kwenye deni, ni haki. Lakini nimesikia kuna mtu anakushauri udai na faida ya miaka hii yote. Usifanye. Mkumbuke Tompkins.

Niongeze jambo langu mwenyewe, msidhani naongea kama mtu asiyejua. Shirika moja nililofanyia kazi zamani, mwisho wa projekti, lilinikata mshahara wa nusu mwezi juu ya nauli za pikipiki. Nilikuwa nimepanda Moyen Plateau mara nane kipindi cha mvua. Mtu wa moto wa kule anatoa risiti wapi? Mmoja aliniandikia kwa nyuma ya pakiti ya sigara, akachora hata pikipiki ili kuwe na muhuri. Mhasibu aliikataa, akasema si karatasi rasmi. Nimeihifadhi hadi leo. Nilikasirika sana, lakini ninakubali kitu kimoja: hakuna aliyeniambia mwanzoni ni ushahidi gani utakubaliwa pale ambapo risiti haiko. Na mimi sikuuliza. Kila mtu alingoja mwisho.

Hapo nina ombi kwa ndugu wafadhili. Mnaomba risiti yenye muhuri kutoka kwa mama anayeuza ndagala Kalundu. Haiko, na mkilazimisha mtaipata, maana pale mjini kuna kijana anatengeneza mihuri kwa dola 5. Ile risiti nzuri mliyo nayo kwenye dosie pengine ndiyo ya uongo, na ile penseli kwenye mlango wa seremala ndiyo ya kweli. Tuandikiane tangu mwanzo: chini ya kiasi fulani, kidole cha aliyepokea na jina la shahidi vinatosha. Juu ya kiasi hicho, benki ama simu, siyo mfukoni mwa mtu. Na kila miezi mitatu tufunge, hata kama kilichoingia ni franka 10,000 tu. Kesie mpya, yule kijana, aliniuliza jana kama anaweza kukataa kazi ya kuamua nani apewe. Nilimwambia ndiyo, na aikatae leo mbele yenu.

Nimepita dakika zangu, naona mama wa jikoni wananiangalia. Nimalizie na jambo la kazi. Ile 250 ya hospitali bado haina mlango wala penseli. Wauguzi waliokuwa zamu wakati ule wengi wamehamishwa. Wanaoweza kuifunga ni ninyi mliotibiwa. Kaye mpya iko pale mezani kwa katibu, kurasa zimepewa namba, wino wa kidole upo. Kuna mama mmoja aliniambia jana kisimani kwamba alipewa dola 20 mtoto wake alipokuwa na kolera, na hakusema miaka yote juu hakuna aliyemuuliza. Mama, sitakutaja. Lakini tukishakula, kama utakubali, anza wewe.